NDEGE IKITENGENEZWA NG'AMBO, MKAGUZI NI NANI?

Aliyewahi kufanya kazi kiwandani anaijua ziara ya mkaguzi. Ikitangazwa siku tatu kabla, sakafu hufagiliwa, vikinga vya mashine vilivyokuwa stoo hurudishwa mahali pake, na glavu ambazo hazijaonekana tangu mwaka jana hugawiwa. Akija bila taarifa huona mambo mengine kabisa. Jambo hilohilo limewagombanisha kwa miaka mingi mafundi wa ndege wa Marekani na makampuni yanayowaajiri.

Ndege kubwa ya abiria, kila baada ya miaka kadhaa, hufunguliwa karibu yote. Viti na sakafu hung'olewa ili mafundi watafute nyufa na kutu. Ni kazi ya mikono ya maelfu ya saa, kwa hiyo ujira ndio gharama kubwa, na wenye makampuni huitafuta mahali ambapo ujira ni mdogo. Katika makampuni tisa makubwa ya Marekani, mwaka 2003 asilimia 34 ya matengenezo haya makubwa yalipewa karakana za nje ya kampuni. Mwaka 2007 ilikuwa asilimia 71. Sehemu ya kazi hiyo ilivuka mpaka, ikaenda El Salvador, Mexico, Uchina na kwingineko.

Kwa sheria ya kimataifa, ambayo inazifunga nchi zetu pia, nchi iliyoandikisha ndege ndiyo inayowajibika kwamba ndege hiyo inafaa kuruka, hata ikitengenezwa upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani hutoa vibali kwa karakana zilizo nchi za nje, zaidi ya 900. Lakini mkaguzi wake hawezi kuingia nchi ya watu kama anavyoingia karakana ya Texas. Huomba ruhusa, na habari za safari yake humtangulia.

Tena masharti hayakuwa sawa. Ndani ya Marekani, msimamizi wa kazi na anayetia sahihi kwamba ndege irudi angani ni lazima wawe na cheti cha Marekani. Ng'ambo ilitosha kuwa na mafunzo, au uzoefu wa miezi 18.

Tusidanganyane: vyama vya Marekani vilipolalamika vilitetea pia nafasi za kazi za wanachama wao, na hiyo ni haki yao. Lakini mtu asidhani kwamba hatari inaletwa na pasipoti ya fundi. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ndogo ya Air Midwest ilianguka mara tu baada ya kuruka mjini Charlotte, wakafa watu wote 21 waliokuwamo. Ilikuwa imelemewa mno upande wa nyuma, na nyaya zinazoongoza mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, hata rubani akashindwa kuishusha pua yake. Nyaya hizo zilirekebishwa usiku wa kuamkia tarehe 7, humohumo Marekani, katika jimbo la West Virginia. Kampuni ya ndege ilikuwa imekodi kampuni ya pili, na ya pili ikachukua mafundi kutoka kampuni ya tatu. Fundi aliyeifanya kazi hajapata kuifanya katika ndege ya aina ile. Hatua kadhaa za kitabu zilirukwa, na mkaguzi aliyeipitisha kazi ndiye huyohuyo aliyekuwa akimfundisha. Kila karatasi ilikuwa na sahihi yake.

Basi fikirini mlolongo kama huo ukiongezewa bahari na mpaka katikati.

Mwezi Mei 2024 Marekani ilipitisha sheria inayotaka karakana za ng'ambo zikaguliwe kwa kushtukiza angalau mara moja kwa mwaka, pale mikataba na nchi hizo inaporuhusu, na inayotaka wasimamizi wake wawe na vyeti. Desemba mwaka huohuo ikatoka kanuni ya kuwapima mafundi wa huko ulevi na madawa ya kulevya, kama wenzao wa Marekani wanavyopimwa. Karakana zimepewa mpaka Desemba 2027. Bunge lilikuwa limeiagiza kanuni hiyo mwaka 2012. Miaka kumi na miwili! Kwa kukata gharama makampuni hayakuhitaji muda wote huo.

Limebaki suala la fundi mwenyewe, anayeuona ufa saa tisa za usiku huku msimamizi akitaka ndege itoke alfajiri. Marekani ina sheria ya mwaka 2000 inayokataza kumfukuza mfanyakazi wa ndege, au wa mkandarasi, kwa sababu ametoa habari za hatari. Fundi wa ng'ambo anategemea sheria ya nchi yake, na chama chake cha wafanyakazi, kama karakana imekiruhusu kuingia.