Gari ya okazyo toka Kampala: nini ya kuangalia mbele ya kushika njia ya Butembo

Wakaaji wengi wa Beni na Butembo wananunua gari ya okazyo kule Kampala, nchini Uganda, kisha wanarudi nayo wenyewe kwa usukani. Ni zaidi ya kilomita 400 mpaka Mpondwe, halafu karibu 80 toka Kasindi hadi Beni, na 54 zingine za kupanda na kushuka mpaka Butembo. Gari imeoshwa, rangi inang'aa, muuzaji anaiwasha na moteri inanguruma vizuri. Lakini rangi haisimamishi gari kwenye mteremko.

Freni ndizo za kwanza. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewani polepole. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, freni zikipata moto kwenye mteremko mrefu yanachemka: mguu unazama, gari inaendelea. Kuyabadilisha si kazi kubwa kwa fundi, na bei yake iko chini ya ile ya redio mpya ambayo wengine wanakimbilia kuweka kwanza.

Kisha mipira. Kwenye ubavu wa kila mpira kuna herufi DOT, na mwishoni tarakimu 4. Ukisoma 2314, ujue ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa bado marefu, lakini mpira wenyewe umekauka, na kwa mzigo na joto unapasuka. Ule wa akiba pia uangaliwe, maana mara nyingi ndio mzee kuliko yote.

Kifuniko cha radiateri kifunguliwe tu wakati moteri iko baridi. Maji ya rangi ya kutu, ao yenye mafuta juu, ni alama mbaya.

Jaribio zuri halina gharama: kutandika kartoni chini ya gari usiku, na asubuhi kuona kama kuna kitu kimevuja. Halafu kuitembeza kilomita 50 hivi na kuirudisha kwa fundi yule yule, mbele ya kumaliza kulipa deni. Kampala iko soko la Kisekka, linalojulikana kwa vipande vya magari. Kufia njiani kati ya Kasindi na Beni ni jambo lingine: kwenye barabara hiyo watu wameshambuliwa, na gari iliyokufa haikimbii.

Kuna tena jambo la daraja la Lubiriha. Uganda wanaendesha kushoto, kwetu ni kuume. Mwenye usukani wa kuume haoni mbele akifuata lori, kwa hiyo aliyekaa kushoto ndiye anamwambia kama njia iko wazi. Taa nazo zilitengenezwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto, na huku upande huo ndio magari yanatokea. Fundi anaweza kuzishusha kidogo, lakini dawa kamili ni kuzibadilisha. Ndiyo sababu wenye kuzoea wanalala Kasese, wanavuka asubuhi na kufika Butembo jua lingali juu.