Soko Lisilo na Kupatana Bei

Hapana biashara katika zama zetu iliyotajirisha watu upesi kama biashara ya teknolojia, wala hapana iliyojichumia lawama nyingi kuliko hiyo. Na ajabu yake ni kwamba wengi wa wanaoilaumu hawawezi kuiacha hata kwa siku moja, bali huishutumu Facebook ndani ya Facebook yenyewe, kisha hungoja kwa shauku kuhesabu ni wangapi waliopendezwa na shutuma zao. Wako wasemao kuwa jambo hili ni husuda tupu ya fukara kwa tajiri. Rai hiyo ni nyepesi, nami siikubali, maana wenye viwanda vya saruji na wenye meli za mizigo ni matajiri vilevile, walakini hakuna akeshaye usiku akiwasema.

Sababu, kwa maoni yangu, imo katika namna ya tijara yenyewe. Mnunuzi wa Kariakoo au wa Marikiti ya Mombasa akitajiwa bei asiyoiridhia hupatana na muuzaji, na wasipoafikiana hwenda zake duka la pili bila kinyongo. Lakini anayetafuta jambo katika Google hatajiwi bei yoyote, kwa kuwa mlipaji ni mwenye tangazo, naye mtafutaji hutoa habari zake, yaani mahali alipo, anachokitamani na maradhi anayoyahofu, pasipo mizani wala risiti. Asiyepewa nafasi ya kupatana atafanya nini ila kulalamika?

Na hilo duka la pili nalo aghalabu halipo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington aliamua kwamba Google ilivunja sheria ya Marekani kwa kuhodhi soko la utafutaji, na katika shauri hilo ikadhihirika kuwa mwaka 2022 peke yake kampuni hiyo iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ya kwanza kumkabili mwenye simu afunguapo intaneti. Jaji huyohuyo alikiri kuwa bidhaa ya Google ni bora kuliko za washindani wake. Ila aliona pia kwamba iliweza kupandisha bei ya matangazo bila ya kumhofu mshindani yeyote. Kwa hiyo hata mwenye tangazo, ambaye ndiye mteja hasa, hana pa kukimbilia.

Insafu yataka tuseme kwamba zipo lawama za uzushi mtupu, kama zile zilizowafanya watu wa Uingereza mwaka 2020 wachome minara ya simu kwa kudhani kuwa mawimbi ya 5G ndiyo yaliyoleta korona. Hizo tuziache.

Lakini katika lawama zenye msingi, mfano wa Dar es Salaam wafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Dereva wa Uber aliyekuwa akikatwa kamisheni ya asilimia 25, akimbeba abiria kwa shilingi 10,000, alibakiwa na 7,500, na katika hizo ilimbidi anunue mafuta, anunue bando la simu, na gari likiwa si lake ampelekee tajiri hesabu ya siku, ambayo haikupungua ati kwa sababu abiria walikuwa haba. Malalamiko yalipozidi, LATRA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwaka 2022 iliishusha kamisheni hadi asilimia 15. Uber nayo, mwezi wa Aprili, ikasimamisha huduma zake, na haikurejea mpaka Januari 2023, baada ya mamlaka hiyo kukiregesha kiwango cha 25. Dereva akarudi palepale alipokuwa. Anayedhani kuwa mdhibiti wa nchi moja aweza peke yake kuyainamisha makampuni haya na ayapime tena mambo hayo: kampuni ilikuwa na miji mingine ya kufanyia kazi, lakini dereva alikuwa na Dar es Salaam tu.

Fauka ya hayo iko kazi ambayo mtumiaji haioni kabisa. Jijini Nairobi vijana walioajiriwa na Sama, kampuni iliyopewa kandarasi na Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, walikuwa wakikaa mbele ya kioo wakitazama picha za mauaji na ukatili wa kila namna ili kuziondoa katika Facebook, na jarida la Time liliandika Februari 2022 kuwa baadhi yao walilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua mashtaka Mei mwaka huohuo. Meta ilijitetea kuwa haina makao wala biashara nchini Kenya, na kwamba kwa hiyo mahakama za huko hazina mamlaka juu yake, hoja ambayo yeyote mwenye jamaa Kenya wanaotumia WhatsApp ataistaajabia. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo, ikaamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa Kenya.