KUCHELEWA KUBALEGHE: UBONGO, KINGA YA MWILI NA HUKUMU YA SHERIA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi, katika madrasa zetu hakosekani kijana wa miaka 15 ambaye wenzake wamevunja sauti na yeye bado. Wapo wanaomcheka, na wapo wanaodhani amerogwa. Mwenyewe hujiuliza: je, swala imeshaniwajibikia? Tutazame kwanza mwili, kisha sheria.

UBONGO NDIO UNAOANZA

Kubaleghe hakuanzii kwenye viungo vya uzazi, bali ubongoni. Chini ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Wakati ukifika, hutoa kwa vipindi kemikali inayoiamrisha tezi ya pituitari. Pituitari nayo hupeleka homoni kwa njia ya damu hadi kwenye korodani za mvulana au ovari za msichana, ndipo mwili unapobadilika. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na Marekani walionyesha kwamba mtu ambaye mwili wake hauwezi kuipokea kemikali nyingine ya ubongo, kisipeptini, habaleghe bila ya matibabu.

Haipothalamasi haiamki ovyo. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, inayouarifu ubongo kuwa akiba ya chakula ipo. Mtoto mwenye utapiamlo, ubongo wake husubiri.

VIUNGO VYA KINGA

Nyuma ya mfupa wa kidari ipo tezi ya thaimasi. Humo chembe nyeupe za damu za aina ya T hufunzwa kumtambua adui. Tezi hii ni kubwa utotoni, na homoni za kubaleghe huifanya isinyae upesi zaidi. Hivyo homoni hugusa kinga. Kinga nayo hugusa homoni: mwili ukipigana na maradhi kwa muda mrefu, chembe za kinga humwaga kemikali zinazofika ubongoni na kupunguza ile amri ya haipothalamasi.

Mfano ulio karibu nasi ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Bandama, kiungo kinachochuja vijidudu katika damu, huharibika mapema utotoni, na mtoto huugua mara kwa mara. Nguvu nyingi hutumika kutengeneza damu mpya, na kubaleghe huchelewa, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili. Hata hivyo, wengi wao hubaleghe.

LINI TUMUONE DAKTARI?

Msichana wa miaka 13 ambaye matiti hayajaanza kuota, au wa miaka 15 asiyepata hedhi, na mvulana wa miaka 14 asiye na dalili yoyote, wapelekwe hospitali. Daktari atapima urefu, uzito na damu, na pengine kupiga picha ya mifupa ya mkono. Mara nyingi, hasa kwa wavulana, huwa ni urithi tu: baba naye alichelewa. Mtume (S.A.W.) ametuagiza tujitibu, basi tusikimbilie waganga wa kupiga ramli.

SHERIA INASEMAJE?

Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtoto hubaleghe kwa kutokwa na manii, kwa hedhi, au kwa kutimiza miaka 15 ya Hijria, ambayo ni takriban miaka 14 na miezi 6 na nusu ya kalenda ya kawaida. Dalili ni hadithi ya Ibn Umar (R.A.) katika Bukhari na Muslim: alikataliwa kwenda vitani Uhud akiwa na miaka 14, akaruhusiwa Khandaq akiwa na 15.

Kwa hiyo, kijana uliyetimiza umri huo, swala ni faradhi juu yako hata kama sauti bado ni ya kitoto. Kuchelewa kwa mwili si udhuru. Maradhi ndiyo yenye ruhusa zake: mwenye selimundu ambaye saumu itamdhuru, Suratul Baqara aya 184 na 185 zimempa wepesi. Afuate ushauri wa daktari na amuulize mwalimu wake.

Nanyi mnaocheka wenzenu, acheni. Huyo mnayemuita mtoto, kalamu ya Malaika imeshaanza kumuandikia kama ninyi.

Wabillahi tawfiq.