Nembo ya Gari na Rangi Iliyo Chini Yake: Ufundi Unaotii Baridi ya Usambara

Nchini Tanzania nembo ya gari hufanya kazi kubwa kuliko ile iliyokusudiwa na kiwanda, kwa kuwa watu wengi huyaita magari kwa herufi zilizobandikwa nyuma yake, na ndiyo maana Toyota Land Cruiser kubwa hujulikana mitaani kwa jina la VX au V8 hata na watu wasiojua kwamba namba hiyo inahesabu silinda za injini. Nembo hung'olewa kabla ya bodi kupigwa rangi, hubadilishwa inapopauka au kudondosha herufi, hurudishwa baada ya kuibwa, na pengine hutumika kulipandisha gari cheo, pale gari la daraja la kawaida linapovishwa herufi za daraja la juu. Hila hii ya mwisho haimfikishi mtu mbali, kwani kadi ya gari huandika aina ya gari na namba ya chasi, wala haina habari na kilichobandikwa kwenye buti. Hata hivyo, sababu iwe yoyote, fundi hukabiliwa na tatizo lile lile la kuitenganisha nembo na rangi pasipo kuacha mchubuko, na katika Milima ya Usambara ufumbuzi wake hutegemea hali ya hewa kuliko wingi wa vifaa.

Barabara inayotoka Mombo na kupanda kwa kona hadi Lushoto kupitia Soni ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi gari hupanda takribani mita 1,000, kutoka tambarare yenye joto hadi mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa ya baridi huko juu, na alfajiri kipimajoto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi joto 10 za Selsiasi, ilhali mchana wa siku hiyo hiyo bodi nyeusi iliyoachwa juani Mombo huwa ya moto kiasi cha kuunguza kiganja. Gundi ya nembo huyahisi mabadiliko hayo yote, kwa kuwa ikiwa baridi hukakamaa na kung'ang'ania rangi, na ikipata joto hulegea. Fundi anayeibandua nembo saa moja asubuhi mjini Lushoto na yule anayeibandua saa nane mchana Mombo wanafanya kazi mbili tofauti, hata kama gari ni moja na mkono ni mmoja.

Ili kuelewa hatari yenyewe, yafaa kwanza kuijua rangi. Rangi ya gari la kisasa ni matabaka kadhaa yaliyopangwa juu ya bati: chini kabisa kuna kinga ya kutu, juu yake huja praima, yaani rangi ya msingi inayoshikilia zile zitakazofuata, kisha rangi yenyewe inayoonekana, na juu ya yote vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia na ambayo ndiyo inayong'aa. Matabaka hayo yote kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake huchukua mikroni 35 hadi 50 hivi, unene ulio mdogo kuliko wa unywele wa kawaida wa mtu. Bisibisi iliyochomekwa chini ya nembo hulimaliza tabaka hilo kwa msukumo mmoja.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba rangi zote hazina ushikamano sawa. Rangi ya kiwandani huokwa kwa joto la nyuzi 140 hivi kabla vioo na plastiki havijafungwa, wakati rangi ya gereji huanikwa tu hewani, au hupashwa kwa nyuzi 60 hivi pale penye chumba maalumu, kwa kuwa gari lililokamilika haliwezi kuvumilia joto la tanuri. Magari mengi yanayopanda Usambara yaliingia nchini yakiwa yametumika, na si machache yaliyowahi kunyooshwa bodi na kupigwa rangi upya mahali fulani, hivyo mwenye gari hana budi kuchunguza kabla ya kugusa nembo. Alama ni kama vile matone ya rangi kwenye mipira ya milango, paneli moja kupishana kidogo na jirani yake zinapotazamwa kwa ubavu, au rangi kubaki kwenye kitambaa cheupe kilichosuguliwa kwa polishi, dalili inayoonyesha kuwa juu hakuna klia. Rangi ya namna hiyo, hasa iliyopigwa juu ya puti bila maandalizi mazuri, huweza kubanduka pamoja na nembo hata fundi akiwa mwangalifu kiasi gani, na ni vyema mteja aelezwe hivyo mapema badala ya baada ya hasara.

Kisha hutazamwa namna nembo ilivyofungwa. Magari ya zamani, na baadhi ya mapya, yana nembo zenye pini zinazopenya matundu ya bati na kukazwa kwa ndani kwa nati au vibanio, na nembo ya aina hiyo huondolewa kwa kufungua kitambaa cha ndani cha buti, si kwa kuivuta kutoka nje. Land Rover za zamani, zenye bodi ya aloi ya alumini, zilipigiliwa vibati vya jina kwa ribiti, ambazo ni misumari mifupi inayotanuliwa upande mmoja, na hizo hutolewa kwa kutoboa kichwa cha ribiti polepole kwa drili. Nembo ya mbele ya magari mapya yenye breki zinazojifunga zenyewe huhitaji tahadhari ya pekee, kwani katika baadhi ya magari hayo rada ya kupimia umbali hukaa nyuma yake, nayo hupenya plastiki maalumu ya nembo ile tu. Kuibadilisha kwa nembo yoyote ya dukani huweza kuipofusha rada bila dereva kujua sababu. Nembo nyingi zilizobaki, hasa za nyuma, hushikiliwa na tepu ya povu, yaani utepe laini wenye unene wa milimita moja hivi na gundi ya akriliki pande zote mbili. Habari iliyobaki inahusu hiyo.

Kazi huanza kwa maji na sabuni, na katika Usambara hatua hii haina mbadala. Vumbi jekundu la barabara za udongo za kwenda vijijini lina chembe za kwazi, madini yaliyo magumu kuliko kioo, na anayefuta bodi kavu kwa kitambaa huwa anaipiga msasa. Vumbi hujificha zaidi kwenye pembe za herufi, kwa hiyo brashi laini ya kuoshea hupitishwa humo mpaka maji yatoke safi. Gari likishakauka, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi hubandikwa juu na kando ya nembo, ikifuata kingo zake na kuwekwa alama ya kalamu mahali kila herufi inapoanza na kuishia, kwa kuwa nembo ikishatoka ni vigumu kukumbuka iliinama kiasi gani, na jicho la mpita njia huona upesi herufi zilizopinda kuliko linavyoona mkwaruzo.

Baada ya hapo huja joto, na hapa ndipo haraka hufanya uharibifu wake mkubwa. Kinachotafutwa ni bodi yenye joto ambalo kiganja huweza kulivumilia kwa sekunde chache tu, kama nyuzi 50 hadi 60, na draya ya saluni ikizungushwa bila kutulia mahali pamoja kwa dakika kadhaa hufikisha joto hilo bila kuiumiza klia. Bunduki ya hewa moto inayotumika viwandani huweza kuzidi nyuzi 400, na mikononi mwa asiyeizoea hutoa malengelenge kwenye rangi kabla gundi haijapata moto. Pasipo umeme, wengi humimina maji ya moto, njia inayokubalika ila ina udhaifu wake mlimani, kwa sababu kwenye mwinuko wa Lushoto maji huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100, na yakigusa bati lililolala nje usiku wa Julai hupoa mara moja. Bati hilo litahitaji kumiminiwa mara nyingi, na maji hayo kamwe yasielekezwe kwenye kioo baridi, ambacho huweza kupasuka. Mwenye subira huliacha gari juani hadi alasiri, akaokoa nusu ya kazi bila gharama.

Gundi ikishalegea, nembo haing'olewi, hukatwa kwa uzi. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, au ule wa kusafishia meno, hupitishwa nyuma ya nembo na kuvutwa huku na huku kama msumeno, ukipita ndani ya povu lenyewe wala si kwenye mpaka wa povu na rangi, huku vidole vikiwa vimevishwa glavu au ncha za uzi zikiwa zimefungwa kwenye vijiti viwili ili usikate ngozi. Uzi ukigoma, tafsiri yake ni kwamba joto limepungua au kuna pini, na kuongeza nguvu hakutasaidia lolote. Waya wa chuma, kisu na bisibisi havina nafasi katika kazi hii, hata vikiwa vimeviringishwa kitambaa, desturi ambayo baadhi ya mafundi huitetea kwa nguvu hadi siku kitambaa kinapochanika.

Mabaki ya povu na gundi huwatia watu wasiwasi bure, kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi. Yakipashwa tena, mengi hutoka kwa kusukumwa na kidole gumba, yakijiviringisha vipande vipande, na filamu nyembamba inayosalia hulainishwa kwa mafuta ya taa au hata mafuta ya kupikia yaliyoachwa dakika chache kwenye kitambaa, kisha huoshwa kwa sabuni. Thina inayotumika kuchanganyia rangi haifai, kwa maana imetengenezwa ili kuyeyusha rangi, na juu ya rangi ya gereji hutimiza wajibu huo barabara. Petroli huondoa gundi, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na hakuna nembo yenye thamani ya hatari hiyo.

Pale nembo ilipokaa kwa miaka mara nyingi hubaki kivuli, yaani umbo la herufi linaloonekana hata baada ya gundi kwisha kabisa. Kivuli hicho hutokea kwa sababu rangi ya pembeni imepauka na kuchakaa kwa miale ya jua na kuoshwa, huku ile ya chini ya nembo ikihifadhiwa, na milimani miale ya urujuanimno huwa mikali zaidi kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, ingawa mawingu ya Usambara hupunguza sehemu ya athari hiyo. Polishi yenye chembe laini huweza kuifuta tofauti ndogo kwa kuikaribisha rangi ya pembeni na iliyokuwa imefichwa, ila kila upigaji polishi hupunguza klia kidogo, na kwenye gari jekundu lililopauka sana kivuli hakitoki. Katika hali hiyo njia ya busara ni kurudisha nembo ya umbo lile lile pale pale.

Kuhusu kubandika, makosa mengi huanzia dukani, pale gundi ya matone inayokauka kwa sekunde chache inaponunuliwa badala ya tepu ya povu. Plastiki ya nembo hutanuka kwa joto mara sita au saba zaidi ya bati, kiasi kwamba neno lenye urefu wa sentimita 20 linapopanda joto kwa nyuzi 50 hurefuka kwa karibu milimita 0.8, na bati lililo chini yake kwa milimita 0.12 tu. Gari linaloondoka Lushoto kwenye ukungu na kusimama juani Mombo baada ya saa moja hupitia sehemu kubwa ya tofauti hiyo kila safari. Povu hunyumbuka na kuumeza mvutano huo, ambapo gundi ngumu hupasuka, au mbaya zaidi huishinda rangi na kuibandua.

Tepu mpya hukatwa kufuata umbo la nyuma ya nembo, sehemu ya bodi hufutwa kwa spiriti ya kusafishia vidonda ili kuondoa mafuta na nta, kisha bati na nembo hupashwa joto kidogo kwa draya. Watengenezaji wa tepu za akriliki hupendekeza kubandika kati ya nyuzi 21 na 38 na hukataza kwa kawaida chini ya nyuzi 10, hivyo asubuhi za Lushoto hazifai, na zaidi ya hayo umande huacha unyevu usioonekana ambao gundi hukaa juu yake bila kushika bati. Nembo hupangwa kwa kufuata ile tepu ya karatasi, upande mmoja ukitangulia, halafu kila herufi hukandamizwa kwa kidole gumba kwa nguvu, kwani gundi hii hushika kwa mgandamizo. Katika joto la kawaida la chumba huwa imepata karibu nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu yote baada ya saa 72, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Gari lililobandikwa nembo Lushoto mwezi Julai lafaa lilale ndani siku hiyo, na mashine ya kuoshea kwa presha isilikaribie kabla siku tatu hazijapita.