Je, Wajua? Maisha ya Milimita Chache

Je, wajua kwamba kwa kipimo cha jadi, picha ni ya makro pale tu umbo la kitu linapotua kwenye sensa ya kamera likiwa na ukubwa wake halisi? Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36. Kiwavi wa urefu huohuo huijaza kutoka ukingo hadi ukingo.

Je, wajua kuwa kwa ukaribu huo sensa hupata robo tu ya mwanga ambao ingepata lenzi hiyohiyo ikielekezwa mlimani? Ndiyo maana wapiga picha wa wadudu hubeba flashi hata mchana wa jua kali. Huifunika kwa karatasi nyeupe, la sivyo mgongo wa mbawakawa hutoka na doa jeupe lisilofutika.

Je, wajua kwamba kwa ukaribu huo, na tundu la lenzi likiwa f/8, kina kinachoonekana wazi ni kama milimita 1 tu? Jicho la nzi likitoka safi, bawa lake tayari ni ukungu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, lenzi ikisogezwa kidogo kila mara, kisha kuziunganisha kwa programu. Mwingereza Levon Biss aliifikisha mbinu hii mbali sana: katika maonyesho yake ya Oxford ya mwaka 2016, picha ya mdudu mmoja iliunganishwa kutoka picha 8,000 hivi.

Lenzi ghali si lazima. Lenzi ya milimita 50 ikigeuzwa, mbele ikawa nyuma, hukuza vitu vizuri sana. Mirija isiyo na kioo ndani, inayokaa kati ya lenzi na kamera, hufanya kazi hiyohiyo. Na mwenye simu tu amwone fundi wa deki: kile kilenzi kinachosomea CD, kikitolewa kwenye deki mbovu na kubandikwa mbele ya kamera ya simu, kinatosha kwa majaribio ya kwanza.

Je, wajua kwamba Wilson Bentley, aliyepiga picha za chembe za theluji zaidi ya 5,000, alikuwa mkulima? Alianza mwaka 1885 huko Vermont, Marekani, kwa kuunganisha kamera na hadubini.

Hapa kwetu hatuna haja ya theluji. Je, wajua kwamba kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo buibui mrukaji anayewinda mbu walioshiba damu? Anaitwa Evarcha culicivora, mwili wake ni milimita 5 hivi, na mbu anayempendelea zaidi ni Anopheles, yule anayeeneza malaria. Watafiti waliomchunguza pale Mbita, Kenya, waligundua kwamba huvutwa hata na harufu ya soksi iliyovaliwa na mtu. Hukaa kwenye vigogo vya miti na kuta za nyumba, kwa hiyo mpiga picha hahitaji tiketi ya hifadhi wala gari la safari. Buibui warukaji wana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa. Lenzi za macho hayo hazisogei; kinachosogea ni retina iliyo nyuma yake. Kwa baadhi yao, ukikaribia kwa utulivu utaona rangi ya jicho ikibadilika wakati buibui anakukagua. Sijui kama kuna mnyama wa porini anayemtazama mtu kwa makini kiasi hicho.

Je, wajua kuhusu tunda la Pollia condensata la misitu ya Afrika? Buluu yake haitokani na rangi ya majimaji bali na matabaka ya selulosi yanayoakisi mwanga. Watafiti walitangaza mwaka 2012 kwamba hawakuwahi kupima kiumbe hai chenye rangi kali kuliko hiyo. Tunda lililochumwa Ghana mwaka 1974, likakaushwa na kuhifadhiwa Kew, Uingereza, lilikuwa bado linang'aa.

Na je, wajua kwamba chura wa Kihansi, kutoka Milima ya Udzungwa, Tanzania, hafiki sentimita 3 na huzaa badala ya kutaga? Watoto wake huzaliwa wakiwa na milimita 5 hivi. Porini aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, hakuwepo mahali pengine popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yakakauka. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini; waliobaki walikuwa wakitunzwa Marekani, kisha kuanzia 2012 wakarudishwa korongoni mwao. Chura huyu alitambulishwa kwa sayansi mwishoni mwa miaka ya 1990 tu. Viumbe vidogo namna hii vinaweza kupotea kabla hatujapata hata picha yao moja nzuri.

Basi amka alfajiri, wadudu wakiwa bado wamepoa na wazito, wamelowa umande. Usimtie mdudu kwenye friji ili atulie, wapo wanaofanya hivyo na ni ukatili. Ukiinua gogo, lirudishe lilivyokuwa. Kisha andika tarehe na mahali ulipopiga, uiweke picha yako kwenye tovuti ya iNaturalist ili wataalamu wa wadudu waione.