Machozi ya Kweli ya Mary Maloney

Katika uhakiki wa fasihi, mhusika mwenye sifa moja isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho huitwa mhusika bapa, ilhali yule mwenye sifa nyingi, ambazo pengine hupingana, huitwa mhusika duara. Hadithi fupi ya uhalifu, kwa kuwa kurasa zake ni chache na msomaji wake ana hamu ya kujua mkosaji atanaswa vipi, mara nyingi hutosheka na wahusika bapa, na ndiyo maana Mary Maloney anastahili kusomwa kwa makini. Mhusika huyo alibuniwa na Roald Dahl, Mwingereza aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam, katika "Lamb to the Slaughter", hadithi iliyotoka mwaka 1953 katika jarida la Harper's la Marekani.

Mary, mwenye mimba ya miezi sita, anamsubiri mumewe Patrick, askari mpelelezi, kwa mapenzi yanayokaribia ibada. Mume anapomweleza kwamba anamwacha, Mary anatoa kwenye friza mguu wa kondoo ulioganda, anampiga nao kisogoni na kumuua. Kisha anautia mguu huo jikoni uokwe, anajizoeza sauti na tabasamu mbele ya kioo, anakwenda dukani kununua viazi na njegere za kopo ili muuzaji aje kuwa shahidi wake, na mwishowe anawasihi polisi waliokuja kupeleleza waile nyama hiyo, ambayo ndiyo silaha wanayoitafuta.

Ni rahisi kudai kwamba upole wa Mary ulikuwa kinyago tu na kwamba ukatili ndio sura yake halisi, lakini dai hilo halisimami mbele ya matini yenyewe. Anaporudi kutoka dukani na kuuona mwili sakafuni, mapenzi ya zamani yanamjia upya na analia kwa dhati, bila kuhitaji kuigiza. Na msimulizi, yaani sauti inayosimulia hadithi, ambayo hapa imekaa ndani ya fikra za Mary, hatoi sababu yoyote ya kuyatilia shaka machozi hayo. Hata uongo wake una chimbuko la huruma, kwani kwa nafsi yake yu radhi kuadhibiwa, ila anahofia yatakayompata mtoto aliye tumboni. Uangalifu uleule aliomtunzia mume ndio anaoutumia kuficha namna alivyomuua, na ujuzi wake wa mambo ya polisi ameupata kwa kuwa mke wa mpelelezi.

Kigumu zaidi ni kicheko chake cha mwisho, anapowasikia askari wakisema, huku wakitafuna, kwamba silaha huenda iko karibu nao kabisa. Hapo pana kinaya cha aina ile ambayo msomaji anajua jambo ambalo wahusika wengine hawalijui, na Mary, kwa mara ya kwanza tangu amuue Patrick, anafanya jambo lisilomfaa mume wala mtoto. Dahl hakukifafanua kicheko hicho, na mhakiki anayekiita ushindi au wazimu analazimika kwanza kueleza kinavyopatana na machozi yaliyokitangulia.