Trauti Asiye na Haraka

Letort Spring Run ni kijito kinachopita mji wa Carlisle, Pennsylvania, Marekani, na kwa kukitazama huwezi kudhani kimewatoa jasho mabingwa wa uvuvi. Maji yake hububujika kutoka kwenye miamba ya chokaa, ni maangavu, na ubaridi wake haubadiliki sana kiangazi wala kipupwe. Chokaa hustawisha majani ya majini, majani hulea uduvi wadogo, na samaki aitwaye trauti hunenepa. Katika mito ya kasi ya milimani, kama ile ya Aberdare nchini Kenya ambako Waingereza walipandikiza trauti mwanzoni mwa karne ya 20, samaki huamua papo hapo. Akisitasita, tonge limekwenda. Wa Letort hukagua kama mnunuzi anayebinya parachichi sokoni.

Vincent Marinaro, aliyevua hapo miaka mingi, aliunasa ukaguzi huo kwa kamera na kuchapisha picha zake mwaka 1976. Trauti huinuka mpaka pua ikaribie kumgusa mdudu, kisha hurudi kinyumenyume na mkondo, akimtazama tu. Wakati mwingine hugeuka kabisa na kumfuata.

Katika sekunde hizo nzi wa bandia, chambo cha mvuvi, huumbuka. Wavuvi hulaumu rangi yake. Mimi hulaumu mwendo. Mshipi huwa umelala juu ya mikondo kadhaa: katikati ya majani maji yanakimbia, pembeni yametulia. Mkondo wa kasi ukiuvuta mshipi, nzi huburutwa, japo kwa upana wa kidole, na mdudu wa kweli haendi hivyo. Dawa ni kuurusha mshipi utue ukiwa umelegea, wenye mapindo, na kufunga nzi kwenye uzi mrefu mwembamba.

Tatizo la pili ni wewe mwenyewe. Kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, samaki huona ya nje kupitia duara lililo juu ya kichwa chake. Akiwa kina cha sentimita 30, duara hilo lina upana wa takriban sentimita 68. Kando yake, uso wa maji ni kioo kinachoonyesha sakafu ya kijito. Aliye wima ukingoni huonekana pembezoni mwa duara, kwa hiyo watu hupiga magoti, hata kwenye tope.

Trauti akikataa, badili kwanza mahali ulipo, halafu ndipo ufungue kisanduku cha nzi. Ila kuna siku nzi ndiye mwenye kosa kweli. Marinaro alilala kifudifudi ukingoni akagundua kuwa trauti walikuwa wakila vijidudu vya nyasini, vidogo mno kuonekana na mtu aliyesimama. Akatengeneza nzi aliyeitwa Jassid: ndoano ndogo yenye unyoya uliolazwa bapa. Unene aliupuuza, kwa kuwa trauti aliye chini huona umbo tu.